Wamesema hakuna tatizo

"Wamesemaje?"

Shangazi aliuliza hivyo tukiwa tumekwama kwenye foleni ya Ubungo, vioo vimeshushwa, kijana wa karanga anapita katikati ya magari. Hakunitazama. Alikuwa anafungua fundo la kanga atoe hela. Bahasha ya kaki ya hospitali ilikuwa kiti cha nyuma, na mimi nilikuwa nimeshaambiwa kilichomo. Nusu saa kabla, daktari alituita mimi na baba mdogo pembeni. Akazungumza kwa sauti ya chini, akanyamaza, akazungumza tena. Tulipotoka koridoni baba mdogo akanishika mkono.

"Dada asijue. Akijua, ataondoka kabla ya siku zake."

Basi nikamjibu shangazi: "Wamesema hakuna tatizo kubwa. Wamekupa dawa, upumzike."

Alinunua vifuko viwili vya karanga. Kimoja akaniwekea mapajani.

Hiyo ilikuwa Novemba. Sasa ni Februari, na sentensi ile haijanitoka mdomoni.

Desturi yenyewe sina haja ya kuieleza. Nani kati yetu hajawahi kupigiwa simu usiku akaambiwa "njoo, mzee hali yake si nzuri," akapanda basi la alfajiri huku moyo umeshajua kila kitu? Nilichotaka kuandika leo ni habari za wanaanga saba wa chombo cha Columbia, waliokufa juu ya Texas, Marekani, wakirudi kutoka angani tarehe 1 Februari 2003. Ila kila nikianza nao, naishia Ubungo kwenye foleni. Nimeshindwa kuvitenganisha, basi nimeviacha vyote viwili humu.

## Barua ya tarehe 23

Sisi tunaofuatilia mambo ya anga tuna wiki yetu ya matanga. Moto wa Apollo 1, tarehe 27 Januari 1967, uliua watatu chombo kikiwa bado ardhini. Challenger, chombo ndugu yake Columbia, ilipasuka tarehe 28 Januari 1986, sekunde 73 baada ya kuruka. Kisha Columbia. Kila mwaka wiki hiyo ikifika huwa nachagua kitu kimoja katika ajali hizo nikakisoma upya, taratibu, kama mtu anayekwenda kung'oa majani kaburini. Mwaka huu nikaangukia barua pepe.

Columbia ilikuwa na siku saba angani. Kutoka Houston, kwenye kituo cha kuongozea safari cha NASA, shirika la anga la Marekani, mmoja wa waongozaji wa safari, Steve Stich, akawaandikia kamanda Rick Husband na rubani William McCool. Aliwaambia kuna jambo ambalo hata halistahili kutajwa, ila anawatajia wasije wakashtukizwa na swali la mwandishi wa habari. Wakati wa kuruka kuna kipande cha povu kilitoka kwenye tangi la nje kikagonga upande wa bawa la kushoto. Wataalamu wameziangalia picha. Mambo ya namna hiyo yameonekana katika safari nyingine. Hakuna wasiwasi wowote kuhusu kurudi.

Akaambatisha na video fupi.

Husband alijibu kwa kushukuru.

Kinachoniumiza ni kwamba barua ile haina uongo. Stich aliandika alichopewa na waliolishughulikia suala lile, nao waliamini walichosema. Mimi nilimdanganya shangazi huku najua. Wao waliwahakikishia wenzao jambo ambalo hakuna aliyekwenda kulitazama. Nimejiuliza wiki nzima lipi zito zaidi, na jibu la asubuhi huwa si la jioni.

## Kilo kasoro robo

Tangi lile kubwa la rangi ya chungwa lilibeba oksijeni na haidrojeni zilizopoozwa mpaka zikawa kimiminika. Haidrojeni peke yake huwa na baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri. Ukiliacha tangi hilo wazi kwenye hewa yenye unyevu ya Florida, linaota barafu nje, na barafu ikidondoka ni sawa na jiwe. Kwa hiyo walilivika povu. Ni jepesi, ndugu yake yale maboksi meupe ya kubebea samaki pale feri. Ukilishika huwezi kuliogopa.

Tarehe 16 Januari, sekunde kama 82 baada ya kuruka, kipande cha povu kikachomoka karibu na mahali tangi linapoungana na sehemu ya mbele ya chombo. Kilikuwa na uzito wa gramu 760 hivi.

Watu husema povu "lilirushwa" kwenye bawa. Mimi pia nilidhani hivyo kwa miaka. Kumbe ni kinyume chake. Kitu chepesi kikiachia katika mwendo ule, hewa inakishika, kinapoteza kasi papo hapo, na chombo kinachokuja nyuma yake kinakivamia. Bawa ndilo lililoligonga povu, kwa tofauti ya mwendo ya karibu kilometa 800 kwa saa. Fikiria basi la mikoani na kunguru, halafu zidisha.

Pigo liliangukia ukingo wa mbele wa bawa, sehemu iliyoundwa kwa kaboni ngumu ya kijivu kwa sababu wakati wa kurudi ndiyo inayopokea joto kali kuliko zote, nyuzi zaidi ya 1,600. Waliozipitia picha kesho yake walishtuka kwa ukubwa wa kipande. Lakini picha hazikutosha: kamera iliyokuwa na pembe nzuri ilikuwa imetoa picha zenye ukungu.

Na kulikuwa na historia. Povu lilikuwa limedondoka tangu miaka ya mwanzo. Oktoba 2002, miezi mitatu tu kabla, kipande kutoka mahali palepale kilipiga sehemu ya chini ya roketi ya pembeni katika safari ya Atlantis, ndugu mwingine wa Columbia, na chombo kikarudi salama. Kila kurudi salama kukahesabiwa kuwa ushahidi kwamba povu halina madhara. Wahenga walisema mazoea yana taabu, nasi tunalitamka kama utani kwa jirani anayekuja kula kila siku. Sikuwahi kulifikiria kama kanuni ya uhandisi.

## Barua ambayo haikutumwa

Katika habari hii yote mtu nisiyeweza kumwacha si mwanaanga. Ni Rodney Rocha, injinia wa NASA kule Houston.

Rocha alitaka picha. Jeshi la Marekani lina darubini na setilaiti zinazoweza kukitazama chombo kikiwa angani, na yeye aliandika kuuliza kama wanaweza kwenda kuomba, hata kupiga magoti, wasaidiwe na taasisi ya nje. Hakuwa peke yake. Maombi ya picha yalipita njia tatu tofauti. Tarehe 22 Januari yalizimwa. Linda Ham, aliyeongoza kikao cha usimamizi wa safari, aliulizia ni nani hasa anayezihitaji picha hizo rasmi, na hakupatikana mtu wa kusimama na kusema ni mimi.

Anayefanya kazi katika ofisi yoyote hapa kwetu anaujua wimbo huo. Hii imepitia kwa nani? Mkuu wako ameiona?

Rocha akakaa akaandika barua pepe nyingine. Ndani yake alisema kwamba kwa maoni yake ya kitaalamu uamuzi ule si sahihi, na unakaribia kuwa uzembe. Aliwakumbusha mabango yaliyobandikwa kila ukuta wa NASA: kama si salama, sema. Ndiyo, aliandika, jambo hili ni zito kiasi hicho.

Hakuituma.

Aliichapisha kwenye karatasi akamwonyesha mwenzake. Baadaye alieleza kwamba mainjinia walifunzwa kutoandika kwa watu walio juu sana ya ngazi yao.

Mara ya kwanza niliposoma hayo, miaka iliyopita, nilimlaumu. Nilikuwa kijana, sijawahi kukaa kikaoni nikameza maneno. Siku hizi nikiisoma barua ile naona mkono wa mtu juu ya kibonyezo, na naona koridoni mkono wa baba mdogo juu ya wangu.

Tena angalia walivyobanwa. Ili wapewe picha, walitakiwa waonyeshe kwamba bawa limeharibika. Na ili waonyeshe kwamba bawa limeharibika, walihitaji picha. Wakabaki na hesabu za kompyuta, kwa programu iliyotengenezwa kupima vipande vidogo mamia ya mara kuliko kile. Hata hiyo ilitoa jibu baya, wakaona imezidisha.

## "Hakuna la kufanya"

Wayne Hale alikuwa mmoja wa wakuu wa mpango ule. Miaka 10 baada ya ajali aliandika kumbukumbu moja iliyonikosesha usingizi. Baada ya mojawapo ya vikao vile, mkuu wa waongozaji wa safari alimpa mtazamo wake: ngao ya joto ikiharibika hakuna tunaloweza kufanya, sasa si afadhali wamalize safari yao kwa furaha, wafe ghafla wakati wa kuingia, kuliko wabaki wakizunguka huku wanajua, mpaka hewa iwaishie?

Hale alikiri kwamba wakati ule yeye mwenyewe aliona kuna mantiki.

Niliposoma hayo nilisikia Kiswahili kabisa. *Tusimtie presha. Mwache ale vizuri siku zake.* Hakuna ukatili ndani ya maneno hayo. Ni mapenzi, ya watu waliochoka na wanaoogopa kumwona mpendwa wao akiogopa.

Lakini je, kweli hapakuwa na la kufanya?

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Admirali Harold Gehman iliwauliza NASA swali hilo, na jibu lipo kwenye ripoti ya Agosti 2003. Columbia ingeweza kubana matumizi, watu wakalala zaidi na kufanya kazi kidogo, ikakaa angani mpaka tarehe 15 Februari. Kilichokuwa kinabana zaidi ni makopo ya kunyonya hewa chafu wanayotoa. Na Atlantis ilikuwa tayari inaandaliwa kwa safari ya tarehe 1 Machi. Kwa kufanya kazi usiku na mchana, bila hitilafu hata moja, ingeweza kuruka kati ya tarehe 10 na 15 Februari kwenda kuwachukua. Kulikuwa na wazo la pili la kukata tamaa: wanaanga wawili watoke nje, wajaze tundu kwa vipande vya chuma na mifuko ya maji igande iwe barafu, kisha wajaribu bahati.

Sisemi wangepona. Ripoti yenyewe haisemi hivyo. Atlantis nayo ingeruka na povu lilelile, na mtu angelazimika kuamua kuhatarisha wanne ili kuokoa saba. Ila "hakuna la kufanya" lilikuwa neno lililotamkwa kabla ya mtu yeyote kuuliza. Lilikuja kwanza, na kwa kuwa limeshakuja, kutazama bawa kukaonekana kazi bure.

Hapo ndipo nilipoifunga kompyuta nikaenda kusimama uani.

## Saba

Rick Husband, kamanda, alirekodi video za ibada kwa watoto wake wawili kabla ya kuondoka, moja kwa kila siku atakayokuwa mbali. William McCool, rubani. Michael Anderson, Mmarekani mweusi aliyewahi kufika Mir, kituo cha anga cha Urusi, mwaka 1998, ndiye aliyesimamia kazi ya sayansi. David Brown alikuwa daktari wa jeshi la majini, na akiwa chuoni aliwahi kufanya kazi kwenye sarakasi, akitembea juu ya mironjo na kuendesha baiskeli ya gurudumu moja. Laurel Clark, daktari pia, aliacha nyumbani mtoto wa kiume wa miaka minane. Kalpana Chawla alizaliwa Karnal, India, na hii ilikuwa safari yake ya pili.

Na Ilan Ramon, rubani wa kivita, Mwisraeli wa kwanza kwenda anga za juu. Mama yake alinusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Alibeba nakala ya mchoro wa penseli uliochorwa na mtoto wa Kiyahudi wa Prague, Petr Ginz, akiwa amefungiwa kambi ya Theresienstadt: dunia inavyoonekana ukisimama mwezini. Petr aliuawa Auschwitz mwaka 1944, akiwa na miaka 16. Alizaliwa tarehe 1 Februari 1928. Siku nakala ya mchoro wake ilipoungua angani ndiyo siku angetimiza miaka 75.

Sijui nifanye nini na habari kama hiyo. Naiweka hapa tu.

Safari yao haikuwa ya sifa. Hawakwenda kwenye kituo cha anga, hawakujenga kitu. Walifanya majaribio kama 80 kwa zamu mbili, saa 24, na dunia ilikuwa haiwaangalii. Tarehe 28 Januari walisitisha kazi kidogo. Husband alizungumza kuwakumbuka wa Apollo 1 na wa Challenger, kisha wakanyamaza.

Tundu lilikuwa tayari kwenye bawa. Walikuwa wanawaombea wafu wa wiki ileile ambayo sisi sasa tunawahesabu na wao.

## Saa kumi na moja jioni

Nilikuwa kidato cha pili, niko Muheza kwa shangazi huyuhuyu. Jumamosi. Alikuwa anachagua machungwa ya kupeleka mnadani, redio iko dirishani. Huko Florida ilikuwa saa tatu asubuhi.

Yaliyotokea nimeyajua baadaye. Chombo kiliingia kwenye hewa juu ya Pasifiki. Kilipofika California, watu waliokuwa wamesimama nje kukitazama waliona vimulimuli vikichomoka kwenye mkia wake wa mwanga. Houston, vipimo vya joto kwenye mabomba ya bawa la kushoto vikaanza kukatika kimoja kimoja, halafu vya matairi. Wakawaita wanaanga kuwajulisha kwamba wameona taarifa za matairi. Husband akaanza kujibu, akakatika katikati ya neno.

Familia zilikuwa zimesimama kando ya njia ya kutua, mbele ya saa kubwa inayohesabu kurudi nyuma. Ilipofika sifuri hakuna kilichotua.

Kule Houston, mwongozaji wa zamu, Leroy Cain, alipoambiwa kwamba televisheni inaonyesha vipande vikianguka, alikaa kimya kidogo kisha akaagiza milango ifungwe. Ni utaratibu. Hakuna kuingia, hakuna kutoka, kila mtu ahifadhi kumbukumbu zake.

Redio ilipomaliza habari, nilimtafsiria shangazi yale asiyoyaelewa: walikuwa wanarudi, zilibaki dakika kumi na sita.

Shangazi aliweka chungwa chini. "Maskini," akasema. "Na mama zao wameshapika."

Kitu kimoja zaidi kuhusu dakika zile, maana ndicho kilichonigeuza. NASA walitoa ripoti nyingine mwaka 2008, inayohusu wanaanga wenyewe, ngumu kusoma. Swichi zilizookotwa zinaonyesha kwamba chombo kilipoanza kuyumba, rubani alikuwa anahangaika kurudisha nguvu ya mitambo. Walipewa sekunde chache tu za kujua. Wakazitumia kufanya kazi.

## Waliotembea msituni

Vipande vilianguka kutoka Texas mpaka Louisiana, kwenye misitu ya misonobari, mabwawa, viwanja vya shule. Zaidi ya watu 25,000 walishiriki kutafuta, wengi wao wazima moto wa misitu, wamejipanga mstari mmoja bega kwa bega, wakipita kwenye miiba na matope hatua kwa hatua. Katika mji mdogo wa Hemphill, wanawake waligeuza ukumbi wa maveterani kuwa jiko, wakalisha watafutaji siku baada ya siku. Wote saba walipatikana. Tarehe 27 Machi helikopta ya utafutaji ilianguka, ikaua wawili, na majina yao hutajwa mara chache mno: Jules Mier na Charles Krenek.

Waliokota vipande kama 84,000. Ni asilimia 38 tu ya chombo. Kati ya vilivyookotwa kulikuwa na makopo yenye minyoo midogo ya majaribio, na minyoo ilikuwa hai. Kulikuwa na kurasa za shajara ya Ramon. Kulikuwa na kanda ya video ya ndani ya chombo, wanaanga wakicheka na kupokezana kamera huku mwanga wa waridi unawaka madirishani. Na tarehe 19 Machi, karibu na Hemphill, kikapatikana kinasa kumbukumbu ambacho Columbia ilikuwa nacho kwa kuwa ndiyo iliyotangulia kuruka kati ya ndugu zake, mwaka 1981. Kinasa hicho ndicho kilichosimulia jinsi joto lilivyopenya kwenye bawa.

Wako waliokuwa bado wanabisha. Povu? Povu hili? Basi tarehe 7 Julai, San Antonio, watafiti walilipiga kipande cha povu kwa bunduki ya hewa kwenye ukingo halisi wa bawa. Likatoboka tundu la sentimeta 40 kwa 40 hivi, ukubwa wa sinia la chai. Waliokuwepo wanasema watu walishusha pumzi kwa pamoja.

Siku 16 angani, na hakuna aliyetazama. Wiki na wiki ardhini, watu 25,000 wakitazama chini ya kila jani.

## Kuonyesha tumbo

Vyombo vilikaa chini zaidi ya miaka miwili. Discovery iliporuka tarehe 26 Julai 2005, chini ya kamanda Eileen Collins, povu lilidondoka tena! Kipande kikubwa, safari hii hakikugonga kitu.

Lakini kulikuwa na jambo jipya. Kabla ya kufunga na kituo cha anga, Collins alikisimamisha chombo kiasi cha mita 180 chini ya kituo, kisha akakipindua polepole, mzunguko mzima, tumbo juu. Ndani ya kituo, Sergei Krikalev na John Phillips walikuwa madirishani na kamera, wakipiga picha kigae kwa kigae. Nimeitazama video ile mara nyingi. Mtambo wa tani mia unajipindua taratibu mbele ya watu wawili, kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani ili aangaliwe mgongo.

Na wakaona kitu. Vitambaa viwili vya kujazia nafasi kati ya vigae vilikuwa vimechomoza tumboni. Wakajadiliana kwa siku kadhaa, hawana hakika kama ni hatari au la. Mwishowe wakamtuma Steve Robinson nje, akiwa amesimama kwenye ncha ya mkono wa mtambo, akavichomoa kwa vidole.

Kazi ya dakika chache. Tangu hapo kila chombo kilichokwenda kituoni kilipinduka hivyo, mpaka safari ya mwisho ya Julai 2011.

Najua kuna kosa katika kulinganisha kwangu. Ugonjwa wa shangazi si kitambaa cha kuchomoa kwa vidole, na daktari tayari ameshatazama. Baba mdogo ana haki ya kuniambia hivyo, na nilipomgusia jambo hili wiki iliyopita aliniambia hivyohivyo, kwa ukali. "Wewe unasoma mambo ya roketi. Mimi namjua dada yangu tangu utotoni." Sikumjibu. Amemuuguza mama yao, mimi nilikuwa sijazaliwa.

Ila neno lake la mwisho lilikuwa lile lile. Hakuna la kufanya.

## Bati

Jumapili shangazi alinipigia. Baada ya shikamoo na marahaba, baada ya kuulizia watoto mmoja mmoja kwa jina, akaniuliza bei ya bati geji 28 huko mjini. Ana chumba cha uani anataka kukiezeka kabla ya masika. Amepanga kukopa kwenye kikoba, alipe mpaka Desemba kwa hela ya machungwa. Au, akasema, aiache nyumba kama ilivyo, hela aliyonayo amlipie ada Mwajuma, yule mjukuu anayeingia kidato cha tano. Hawezi vyote viwili. Mimi naonaje?

Nikakaa na simu sikioni. Ndipo nilipoelewa kwamba kuna mambo mengi sana ya kufanya, na yote ni yake.

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia, shangazi."

"Na ile bahasha yangu ya hospitali mbona umebaki nayo? Mtoto wa jirani anasomea uuguzi, nataka anisomee."

Nikamwambia asihangaike na mtoto wa jirani. Nitaileta mwenyewe Ijumaa.

Leo ni Jumatano. Baba mdogo bado sijamwambia.